Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba: Kundi Halina Dhamiri, Wewe Unayo

 

Kila tarehe 9 Agosti Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba. Wengi tukisikia jina hilo tunamchanganya na kina Teresa wengine: wa Avila, wa Mtoto Yesu, wa Kalkuta. Huyu ni mwingine kabisa. Jina lake la kuzaliwa ni Edith Stein. Alizaliwa Myahudi, akaacha kusali akiwa na umri wa miaka kama kumi na minne, akawa mwanafalsafa, akabatizwa akiwa na miaka thelathini, akawa mtawa Mkarmeli, akauawa Auschwitz mwaka 1942.

Nimemchagua kwa sababu ya swali moja ambalo alilibeba karibu maisha yake yote, na ambalo vijana tunalo kila siku hata kama hatulitamki. Wahenga walisema mtu ni watu. Sawa, tunakubali. Lakini kama mtu ni watu, je, hao watu wakipotoka, mtu afanye nini? Anaweza kubaki mzima katikati ya kundi lililooza? Na yeye mmoja ana uwezo gani wa kuligeuza kundi? Edith aliandika kuhusu jambo hilo akiwa bado si Mkristo. Baadaye alilazimika kuliishi.

Binti wa mwisho wa mama Auguste

Edith alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 katika mji wa Breslau. Wakati huo ulikuwa Ujerumani. Leo ni Wrocław, nchini Poland. Alikuwa mtoto wa kumi na moja, ingawa wanne kati ya ndugu zake walikuwa wamekufa wakiwa wadogo. Siku hiyo Wayahudi walikuwa wanaadhimisha Siku ya Upatanisho, siku yao kubwa ya kufunga na kuomba msamaha. Mama yake, Auguste, aliliona hilo kuwa ishara, na pengine ndiyo maana alimpenda mno huyu kitindamimba.

Edith hakuwa ametimiza hata miaka miwili baba yake alipofariki ghafla akiwa safarini kikazi. Mama akabaki na watoto saba na biashara ya mbao yenye madeni. Jamaa walidhani ataiuza. Hakuiuza. Alijifunza kazi, akaamka alfajiri, akailea familia na kuisimamisha biashara mpaka ikastawi. Alikuwa mwanamke wa sala, mshika sheria ya Mungu, mkarimu kwa maskini. Hapo ndipo Edith alipoona kwa mara ya kwanza jinsi mtu mmoja anavyoweza kuibeba nyumba nzima.

Lakini imani ya mama haikuingia kwa binti. Akiwa kijana mdogo, alipokwenda kukaa kwa dada yake mkubwa Hamburg, Edith aliamua mwenyewe kuacha kusali. Alifanya uamuzi huo akiwa na akili timamu. Alitaka ukweli, na alidhani ukweli huo ataupata kwa kutumia akili yake peke yake.

Mwanafunzi wa Husserl

Mwaka 1911 alianza masomo Chuo Kikuu cha Breslau: saikolojia, historia na Kijerumani. Saikolojia ya wakati ule haikumridhisha. Ndipo akakutana na maandishi ya Edmund Husserl, mwanafalsafa aliyefundisha kwamba tujifunze kuvitazama vitu vyenyewe jinsi vinavyojionyesha kwetu, bila kuvilazimisha viingie katika nadharia tulizokwisha kuzibeba kichwani. Mwaka 1913 Edith alihamia Göttingen ili awe mwanafunzi wake.

Pale alikuta kundi la vijana wenye njaa ya ukweli. Walikesha wakijadiliana. Kati ya walimu alikuwepo Adolf Reinach, mtu mpole aliyejua kuwasikiliza wanafunzi, na Max Scheler, ambaye mihadhara yake iligusia imani ya Kikatoliki kwa namna ambayo Edith hakuwahi kuisikia. Hakuongoka. Ila aliona kwamba watu aliowaheshimu kwa akili zao walimwamini Mungu, na tangu hapo ikawa vigumu kwake kuidharau imani.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, wengi wa kundi lile walikwenda vitani. Mwaka 1915 Edith naye aliweka vitabu chini, akajitolea kwa Msalaba Mwekundu, akapelekwa kuhudumu katika hospitali ya kijeshi huko Moravia. Wodi yake ilikuwa ya magonjwa ya kuambukiza. Wagonjwa walikuwa askari wa jeshi la Austria na Hungaria, watu wa mataifa mengi, na mara nyingi muuguzi na mgonjwa hawakuwa na lugha moja. Ilibidi asome macho, mikono na pumzi ya mtu.

Aliporudi alimaliza tasnifu yake ya udaktari, na mwaka 1916 aliitetea Freiburg kwa daraja la juu kabisa. Mada yake ilikuwa hii: inawezekanaje mimi nikajua kinachoendelea ndani ya mtu mwingine? Nikimwona rafiki yangu ana huzuni, ile huzuni si yangu. Siwezi kuiingia na kuiishi kwa niaba yake. Na bado si kwamba nabahatisha tu, maana naiona. Edith alionyesha kwamba uwezo huo ni wa msingi kwa binadamu. Tena alisema kitu cha ajabu: hata mimi mwenyewe sijijui vizuri bila wewe. Ni kupitia macho ya wengine ndipo ninapojigundua nilivyo.

Imani aliyoiona kwa watu wengine

Sasa angalia jinsi neema ilivyomfikia msichana huyu.

Siku moja, akiwa Frankfurt na rafiki yake, waliingia kanisa kuu kulitazama tu kama wageni. Mara akaingia mwanamke mmoja ametoka sokoni na kikapu chake. Akapiga magoti kwenye benchi, akasali kidogo, akaondoka. Basi. Edith alikuwa amezoea kuona watu wakienda kwenye sinagogi au kwenye makanisa ya Kiprotestanti saa ya ibada. Mtu kuja katikati ya shughuli zake, kanisa likiwa tupu, kama anayekuja kuzungumza na rafiki, hilo hakuwahi kuliona. Hakulisahau kamwe. Mama yule mwenye kikapu hakujua kwamba kuna mtu anamtazama, na pengine hadi anakufa hakujua.

Mwaka 1917 Reinach aliuawa vitani huko Flanders. Edith aliumia sana. Alipoombwa kwenda kusaidia kupanga maandishi ya marehemu, aliogopa kumkabili mjane, Anna. Atamwambia nini? Kumbe Anna, ambaye yeye na mumewe walikuwa wamebatizwa muda mfupi tu kabla ya hapo, alikuwa na uchungu kweli, lakini uchungu uliokuwa na matumaini ndani yake. Mjane ndiye aliyemfariji mgeni. Kwa Edith, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukutana na nguvu ya Msalaba uso kwa uso.

Tatu: kiangazi cha mwaka 1921, akiwa nyumbani kwa rafiki yake mwanafalsafa Hedwig Conrad-Martius huko Bergzabern, alichukua kitabu cha maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila na kukisoma. Alipokimaliza alijua amepata kile alichokuwa anakitafuta. Tarehe 1 Januari 1922 alibatizwa. Mama yake wa ubatizo alikuwa huyo huyo Hedwig, ambaye alikuwa Mprotestanti. Askofu alitoa ruhusa. Edith alivaa vazi jeupe ambalo Hedwig alilivaa siku ya harusi yake. Mwezi uliofuata, tarehe 2 Februari, akapewa Kipaimara.

Hebu hesabu waliomfikisha pale. Mwalimu, mjane, mwanamke wa sokoni, rafiki Mprotestanti, na mtakatifu aliyekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Hakuna hata mmoja aliyefikia uamuzi badala yake. Lakini bila wao, uamuzi ule ungetoka wapi?

Umati, chama na jumuiya

Mwaka huohuo wa 1922 ilichapishwa kazi yake kubwa kuhusu mtu binafsi na jumuiya. Alikuwa ameiandika kabla ya Ubatizo, vita ikiwa imetoka kuisha na Reinach yuko kaburini. Ni maandishi magumu, lakini kiini chake tunaweza kukielewa vizuri tu.

Edith alitofautisha namna tatu za watu kuwa pamoja.

Ya kwanza ni umati. Hapa watu wako bega kwa bega, lakini hawajafunguliana mioyo. Hisia zinaambukizana kama mafua: mmoja akipandwa na hasira, wote wanapandwa, mmoja akianza kukimbia, wote wanakimbia, na ukiuliza kuna nini hakuna anayejua. Hapo ndipo tunaposema fulani amefuata mkumbo.

Ya pili ni chama, yaani watu waliokutana kwa ajili ya lengo fulani. Kila mmoja ana kazi yake, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la faida: huyu atatusaidia nini? Si kitu kibaya. Kampuni au timu ya mradi inaweza kuwa hivyo. Lakini ukiugua, nafasi yako inajazwa na mwingine, maisha yanaendelea.

Ya tatu ni jumuiya. Hapa mwenzangu hanitazami kama chombo. Ananitazama kama mtu mwenye undani wake, nami vilevile, na furaha yake inanigusa kwa sababu ni yake. Edith alitoa mfano wa kikosi cha askari kilichofiwa na kiongozi wake. Kila askari ana huzuni yake, tena kila mmoja kwa kiwango chake. Lakini ipo pia huzuni ambayo ni yetu sote. Hiyo haielei hewani. Inaishi ndani ya kila mmoja, na bila mioyo hiyo haipo.

Katika maisha ya kweli namna hizo tatu huchanganyika. Kwaya yako inaweza kuwa chama siku ya kurekodi video, jumuiya siku ya msiba, na umati siku ya kugombea uongozi. Si ndivyo?

Kisha Edith akasema kuhusu nguvu ya uhai. Jumuiya ina nguvu ya pamoja ambayo wanachama huchota na pia huchangia. Ukienda kwenye sala ukiwa umechoka na kukuta watu wanasali kwa moyo, unainuliwa. Kesho yake mwenzako anakuja amekata tamaa, na wewe ndiwe unayemwinua. Ni kama mtungi wa nyumbani: wote wanakunywa, lakini lazima wawepo wanaokwenda kisimani. Wakibaki wanywaji tu, mtungi unakauka. Jumuiya inasimama imara kwa kadiri ilivyo na watu wanaoibeba kutoka ndani kabisa ya nafsi zao, na wakati mwingine ni wachache mno.

Na kuna jambo moja alilishikilia sana. Jumuiya ina tabia, ina historia, hata ina roho yake kwa namna ya kusema, lakini haina mimi ya kwake. Mwenye uhuru na mwenye kuwajibika ni mtu. Jumuiya ikitenda, ni watu wanaotenda. Kwa hiyo siwezi kuukabidhi uhuru wangu kwa kundi halafu nikaenda kulala. Kundi halitasimama mbele ya Mungu kwa niaba yangu.

Mwalimu asiyepewa nafasi

Usidhani maisha yalimnyookea. Aliwahi kuwa msaidizi wa Husserl kuanzia 1916 hadi 1918, akipanga maelfu ya kurasa ambazo mzee mara nyingi hata hakuzitazama tena. Aliacha. Alipoomba nafasi ya kufundisha chuo kikuu mwaka 1919, alikataliwa kwa sababu ni mwanamke. Hakunyamaza. Aliiandikia wizara, na mwaka 1920 ikatoka kauli rasmi kwamba kuwa mwanamke kusiwe kizuizi. Yeye binafsi hakupata nafasi ile, lakini wengine waliokuja baada yake walikuta mlango umefunguliwa.

Baada ya Ubatizo alitamani kuingia Karmeli mara moja. Washauri wake wa kiroho walimwambia asubiri. Mama yake alikuwa amelia aliposikia binti yake amekuwa Mkatoliki, na pigo la pili lingemzidi. Edith alitii. Kuanzia 1923 hadi 1931 alifundisha katika shule ya Masista Wadominika huko Speyer, akitafsiri Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akizunguka kutoa mihadhara kuhusu malezi na wito wa mwanamke. Alipokuwa likizo nyumbani alimsindikiza mama yake sinagogi, akisali zaburi zilezile ambazo Kanisa nalo linasali.

Mwaka 1933

Januari 1933 Adolf Hitler aliingia madarakani. Kile ambacho Edith alikichambua kwenye karatasi kikatokea barabarani. Watu walioitwa wastaarabu, wasomi, hata wabatizwa, waligeuka umati. Majirani waliokuwa wakinunua mbao kwa mama Stein miaka yote wakaanza kupita upande wa pili wa barabara.

Sisi tuna msemo: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki ni kweli. Kuutumia kwa binadamu ni hatari kubwa, kwa kuwa Wanazi walifanya hivyohivyo na hata zaidi: hawakuhitaji hata samaki mmoja aliyeoza. Ilitosha kuzaliwa Myahudi. Hukuwa tena Edith, au Rosa, au Auguste. Ulikuwa kabila lako, basi. Na upande wa pili, Mjerumani naye aliambiwa si mtu bali ni kiungo cha taifa, kazi yake kutii. Kundi lilimmeza mtu pande zote mbili.

Edith alifanya nini? Mambo matatu.

Kwanza, Aprili 1933 alimwandikia Papa Pio XI barua. Alijitambulisha kama binti wa taifa la Wayahudi na binti wa Kanisa Katoliki, akaeleza ukatili unaotendwa na watu wanaojiita Wakristo, akaomba Kanisa lipaze sauti. Alionya kwamba hata wanaonyamaza watabeba sehemu ya lawama. Barua ilifika Roma, naye akarudishiwa baraka kwa ajili yake na familia yake. Kauli aliyoiomba haikutoka wakati ule. Waraka mkali wa Papa dhidi ya mafundisho ya Wanazi ulikuja mwaka 1937. Barua yenyewe iliwekwa wazi kwa umma mwaka 2003.

Pili, alianza kuandika habari za familia yake ya Kiyahudi. Alitaka vijana waliokuwa wanalishwa chuki tangu utoto wapate kuona nyumba moja halisi: mama anayeamka mapema, ndugu wanaotaniana, mitihani, harusi, misiba. Umati unahitaji adui asiye na sura. Edith akawapa sura.

Tatu, alipopoteza kazi yake Münster kwa sababu ya asili yake, aliona sasa hakuna cha kusubiri. Tarehe 12 Oktoba 1933, siku yake ya kuzaliwa, alikwenda na mama yake sinagogi kwa mara ya mwisho. Usiku ule mama, mwenye zaidi ya miaka 80, alilia. Edith hakuwa na maneno ya kumfariji. Tarehe 14 Oktoba aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Köln. Tangu hapo alimwandikia mama yake kila wiki. Auguste alifariki tarehe 14 Septemba 1936, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, bila kumwona tena binti yake.

Wapo watakaosema alikimbia. Lakini yeye hakuingia Karmeli kujificha. Alipopewa vazi la kitawa mwaka 1934 alichukua jina la Msalaba kwa sababu alitaka kubeba, mbele ya Mungu, mateso ya taifa lake. Aliamini mtu anaweza kusimama kwa niaba ya wengi. Mtume Paulo anatufundisha kwamba kiungo kimoja kikiumia vyote vinaumia. Edith alilichukua fundisho hilo kama lilivyo, bila kulipunguza.

Agosti 1942

Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto Ujerumani nzima. Ili asiwaletee masista wenzake hatari, tarehe 31 Desemba 1938 Edith alivuka mpaka kwenda monasteri ya Echt, Uholanzi. Dada yake Rosa, ambaye naye alikuwa amebatizwa, alimfuata. Mwaka 1940 Wajerumani wakaivamia Uholanzi. Pale Echt, katikati ya hofu, Edith aliandika kitabu kuhusu Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Kulikuwa na mpango wa kumhamishia Uswisi. Hakukubali kwenda bila Rosa, na vibali vikachelewa.

Julai 1942 makanisa ya Uholanzi yalipinga kwa pamoja kuhamishwa kwa Wayahudi. Watawala waliwaonya wasilitangaze jambo hilo hadharani. Maaskofu Wakatoliki, wakiongozwa na Askofu Mkuu Johannes de Jong, waliamua kutii dhamiri. Jumapili ya tarehe 26 Julai barua yao ilisomwa makanisani. Jumapili iliyofuata, tarehe 2 Agosti, Wanazi walilipiza kisasi: Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi walikamatwa nchi nzima, watawa wakiwemo. Echt walifika jioni, masista wakiwa katika sala. Edith alimshika Rosa mkono, wakatoka.

Tusilipite jambo hili haraka. Maaskofu walisema ukweli, na ukweli uligharimu uhai wa watu. Je, wangenyamaza? Edith mwenyewe miaka tisa nyuma ndiye aliyeomba Kanisa lisinyamaze. Alilipa gharama ya kile alichokiomba. Waliowaua ndio wenye hatia, si waliosema. Lakini yeyote anayedhani ushujaa wa jumuiya ni rahisi, amtazame Edith akitoka kwenye lango lile.

Katika kambi ya Westerbork akina mama wengi walikuwa wamezama katika kukata tamaa kiasi cha kushindwa kuwaangalia watoto wao. Walionusurika walisimulia kwamba mtawa yule alikuwa akipita kimya, akiwaosha watoto, akiwachana nywele, akiwatafutia chakula. Hakutoa mhadhara wowote wa falsafa. Katika mahali palipotengenezwa makusudi ili watu wageuke umati, yeye alikuwa anaosha uso wa mtoto mmoja, halafu wa mwingine.

Tarehe 7 Agosti treni iliondoka kuelekea mashariki. Tarehe 9 Agosti 1942, yeye na Rosa waliuawa Auschwitz. Kaka yao Paul na dada yao Frieda walikufa katika kambi ya Theresienstadt.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1987 na Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 1998. Mwaka uliofuata akamfanya msimamizi mwenza wa Ulaya. Wapo Wayahudi walioumizwa na jambo hilo, wakisema aliuawa kwa sababu ni Myahudi na si kwa sababu ni Mkristo. Tuwasikilize kwa heshima. Yeye mwenyewe hakuwahi kukana upande wowote. Alikufa pamoja na watu wake, akiwa wa Kristo.

Na sisi je?

Kijana mwenzangu, leo umati hauhitaji uwanja. Uko kwenye simu. Mtu anapostiwa kwenye kundi la WhatsApp, anachekwa, picha inasambazwa, na ndani ya saa moja jina lake limeisha. Ukimuuliza mmojammoja, kila mtu anasema yeye ali-forward tu. Hakuna aliyeanza, hakuna aliyemaliza. Lakini aliyeumia yupo. Edith angekuambia: kundi halina kidole, kidole kilichobonyeza ni chako.

Vivyo hivyo unaposikia watu wa kabila fulani wako hivi, watu wa dini fulani wako vile. Ukikubali kumwona jirani yako kama kabila tu, umeshaingia kwenye mkumbo, hata kama hujarusha jiwe.

Lakini pia usikimbilie kusema basi, mimi na Yesu wangu tu, jumuiya ina majungu. Ni kweli zipo jumuiya zilizochoka. Zina wanywaji wengi na wachota maji wachache. Je, wewe umekwenda kisimani lini? Jumuiya ndogondogo ya mtaani kwenu haina nguvu nyingine zaidi ya ile inayoletwa na watu wake pamoja na neema ya Mungu. Akiingia mmoja anayesali kweli, anayekumbuka mgonjwa, anayekataa kusengenya, wote wanapata cha kuchota. Na pengine, kama mama yule wa kikapu kule Frankfurt, hutajua kamwe nani alikuwa anakutazama.

Tujiulize

1. Ni akina nani walionibeba mpaka nikafika katika imani niliyo nayo? Nimewashukuru?
2. Wiki hii nimefanya nini kwa sababu tu wote walikuwa wanafanya?
3. Kwaya yangu, jumuiya yangu, kundi letu la vijana: kwa sasa ni umati, chama au jumuiya? Mimi nachangia nini?
4. Yupo mtu ninayemhukumu kwa kabila lake, familia yake au dini yake kabla ya kumjua jina?

Tusali

Ee Mungu wa Abrahamu, Isaka na Yakobo, ulimwongoza Edith katika kuutafuta ukweli mpaka akakukuta Wewe Msalabani. Utupe moyo wa kuwaona wenzetu kama watu. Utupe ujasiri wa kusimama wakati kundi linapokwenda kombo, na unyenyekevu wa kubebwa na wenzetu tunapochoka. Uwapokee wote waliouawa katika kambi zile, na uwalinde wote wanaochukiwa leo kwa sababu ya kuzaliwa kwao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, utuombee.